Nta Juu ya Paa

Habari hii ina kiitikio kimoja tu, nacho si cha furaha. Anayetaka kuisikia na asogee karibu, na Mungu atupe masikio.

Palikuwa na mwanamke wa milima ya Upare aitwaye Nakiete, mjane, mama wa watoto waliokwisha kujitegemea. Mdogo wake wa mwisho, Naetwe, alikuwa ameolewa mbali, katika nchi iitwayo Kivulinzi, na huko alikuwa mjamzito kwa mara ya pili. Mtoto wa kwanza alikufa kwa degedege kabla ya arobaini yake. Mara hii Nakiete aliapa kwamba mdogo wake hatajifungua bila mkono wa nyumbani. Akafunga mzigo, akapiga magoti, akasali, akaondoka. Njia aliyopita haina kazi katika habari hii. Aitwaye na damu yake hufika.

Kivulinzi ni nchi ya jua, na hilo lieleweke tangu mwanzo. Jua la huko huchomoza bila wingu, hupanda bila haya, likifika utosini mabati hulia na mbwa hutembea wakiinua nyayo. Wenyeji hujivunia. Juu ya lango wamechonga maneno haya: HAKUNA NCHI YENYE JUA KAMA YETU.

Hapo langoni afisa mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, aliufungua mzigo wa Nakiete. Akatoa kanga, akatoa dagaa, kisha akainua chupa ndogo ya matone.

"Hii nini, mama?"

"Matone ya vitamini D. Nimepewa kliniki kwetu. Ni ya mdogo wangu, ana mimba."

"Yanafanya kazi gani?"

Nakiete hakuzoea kusema uongo. Alimweleza kama muuguzi wa kwao alivyomweleza: kwamba ngozi ikipigwa na jua hujitengenezea kitu hicho, nacho ndicho kinachouwezesha mwili kuchukua kalsiamu ya chakula na kuipeleka kwenye mifupa. Mtoto aliye tumboni hana ghala lake, huchota katika ghala la mama, na mama akiwa mtupu, wote wawili huwa hatarini. "Kwa hiyo humsaidia mama asiyepata jua," akamalizia.

Afisa alimgeukia mwenzake. "Hebu njoo usikie maneno. Asiyepata jua! Hapa kwetu!" Wakacheka wote wawili, wala hawakucheka kwa ubaya. Kisha afisa akajifuta macho, akasema, "Mama, katika nchi hii hakuna asiyepata jua. Basi dawa hii haina mgonjwa, na dawa isiyo na mgonjwa ni sumu. Ndivyo sheria isemavyo. Dagaa zako chukua."

Akaipandisha chupa kwenye rafu ya nyuma. Nakiete akaona kwamba rafu ile ilikuwa na chupa nyingine nyingi za namna ile, zimepangwa vizuri, zimeshika vumbi.

Alipoingia mjini, alichokiona kwanza ni miguu. Watu wengi walikuwa na miguu iliyopinda, magoti yamekimbiana kama watu waliogombana. Milango ya nyumba ilikuwa myembamba juu na mipana chini. Viti vilichongwa kwa kufuata mapindo hayo, na yeye alipokaribishwa kimoja alishindwa kukikalia. Mwanamke muuza maji alimtazama kwa huruma.

"Pole, mwenzangu. Ulizaliwa hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Miguu kama michi miwili."

"Kwetu ndiyo miguu."

"Masikini! Na mume ulipata?"

"Nilipata, akafa."

"Haya basi, alau alivumilia," alisema yule mwanamke, akamjazia maji kikombe bila malipo, kwa ajili ya ile pole.

Baadaye Nakiete alikuja kuelewa. Miaka mingi nyuma, miguu ya watoto ilipoanza kupinda, wakubwa wa nchi waliita mafundi seremala kabla ya kuita waganga. Mafundi wakapanua milango, kila mtu akapita bila kujigonga, na jambo likahesabiwa limekwisha. Ikabaki kutunga sheria ya kusema mguu ni nini, nayo ikatungwa.

Shemeji yake, Tundo, alimpokea kwa heshima zote, akajitwika mzigo wake kichwani mbele ya watu. Alikuwa mtu mwema, na hili nalisema mapema ili asije msikilizaji akamhukumu vibaya. Kazi yake ilikuwa Mpima Jua. Kila mtaa wa Kivulinzi una mpima wake. Jua linapokaribia utosini, mpima hupanda juu ya paa akiwa na bakuli la udongo lenye bonge la nta. Huliweka bakuli juani, akalisubiri. Nta ikiyeyuka yote, yeye husimama wima, huweka mikono mdomoni na kupiga mwito, "Jua limeshiba!" Mtaa mzima chini huitikia, "Nasi tumeshiba!" Ndipo vyungu hufunuliwa. Kabla ya mwito huo hakuna atiaye tonge mdomoni, hata mgonjwa.

"Na mke wako yuko wapi?" Nakiete aliuliza.

"Yuko Hifadhini, shemeji. Mahali pazuri."

Nyumba ya Hifadhi ilikuwa jengo refu la mawe, lisilo na dirisha hata moja. Mwanamke wa Kivulinzi akijulikana ana mimba hupelekwa humo, na hatoki mpaka mtoto atimize arobaini. Wanasema tumbo la mjamzito ni siri, na macho ya wivu huiharibu siri. Jicho kubwa kuliko yote liko angani. Basi hufichwa macho ya watu na jicho la jua pamoja. Mpaka hapo Nakiete hakucheka, kwa kuwa hata kwao bibi zake walificha mimba changa. Lakini bibi zake waliificha chini ya kanga, kisha wakaenda nayo shambani.

Mlangoni alikaa mtunza nyumba, Bi Zamana, mwanamke mrefu aliyepinda, mwenye fimbo. "Dakika chache," alisema. "Na hiyo kanga yako uikung'ute kwanza. Ina jua."

Nakiete hakuikung'uta. Akaingia. Ilimchukua muda macho yake kuzoea giza, na alipozoea alimwona mdogo wake ameketi juu ya mkeka, ameegemea ukuta. Naetwe alitaka kusimama, akashindwa. Alijishika ukutani kama mwanamke mzee, akainuka kidogo, akarudi chini.

"Usiinuke, mdogo wangu."

"Mifupa inaniuma, dada. Nyonga, mbavu, hapa mapajani. Wenzangu wote humu wanaumwa hivi. Bi Zamana anasema ni mifupa inamkaribisha mtoto." Akacheka kidogo. Kisha akaivuta kanga ya dada yake, akaiweka usoni, akavuta pumzi ndefu. "Imeanikwa nje."

"Ndiyo."

"Nguo zetu huanikwa ndani. Zinanuka kama sisi." Hakuiachia kanga ile. "Dada, yule wa kwanza alizaliwa akitetemeka. Nikamwambia Bi Zamana, mtoto anatetemeka. Akasema anacheza. Alicheza hivyo mpaka akakata roho mikononi mwangu. Huyu asicheze, dada. Nakuomba. Huyu asicheze."

Nakiete alitia mkono juu ya tumbo la mdogo wake, akaomba bila sauti. Aliposema amina, aliahidi. Alijua kuahidi si kazi ya mwanadamu, hata hivyo aliahidi.

Jioni ile alizungumza na Tundo.

"Shemeji, mke wako hapati jua."

Tundo aliweka kikombe chini taratibu. "Shemeji, nisamehe, lakini hilo haliwezekani. Paa la Hifadhini nalipima mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Hakuna siku nta imegoma. Jua limejaa juu yake mpaka linamwagika."

"Juu ya paa."

"Juu ya paa lake, ndiyo."

"Yeye hayuko juu ya paa, Tundo. Yuko chini yake."

Tundo alimtazama kama mtu anayeelezwa kwamba maji ya mtungini si ya mwenye mtungi. "Paa ni la nyumba," alisema kwa upole, "na nyumba ni ya walio ndani. Nikipima paa nimewapima wao. Tangu babu zetu tunapima hivyo." Lakini usiku ule hakula sana. Asubuhi akamwambia, "Kuna Baraza la Paa. Mgeni anaruhusiwa kusema mara moja. Nitakupeleka. Siwezi kusema mwenyewe, nitapoteza bakuli."

Baraza la Paa lilikutana chini ya paa kubwa kuliko yote nchini, na wajumbe walivaa kofia pana ndani ya nyumba. Nakiete alisimama mbele yao akasema maneno machache aliyokuwa nayo: mifupa ya mdogo wake, mtoto aliyekufa, matone yaliyobaki langoni. Aliomba jambo moja, wajawazito wafunguliwe mlango, wakae uani kidogo mikono na miguu ikiwa wazi. Na kama jua halifai, basi wapewe matone.

Kisha mzee mmoja akasema watoto hupinda miguu kwa sababu vichwa vya Kivulinzi vina akili nyingi, na akili ni nzito. Wakampigia makofi. Mwingine akauliza kama ni adabu kutaja mapaja barazani. Wakajadili hilo kwa muda mrefu, wakakubaliana kwamba mgeni alikosea lakini ni mgeni.

Akasimama daktari wa Baraza, mtu wa makamo aitwaye Ramli, mwenye sauti ndogo. "Waheshimiwa," alisema, "mimi nawaza tu. Je, tukiliteremsha bakuli siku moja, tukaliweka ndani, walipo wanawake, tukaona nta itafanya nini?"

Hakuna aliyekasirika, maana wenyeji wa Kivulinzi hawakasirikii watu wenye elimu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Faraghani, alimshukuru daktari kwa wazo zito, akasema mtu wa mawazo kama hayo hapaswi kuchoshwa na mambo ya uzazi. Papo hapo akateuliwa kuwa Mpima Mkuu wa Mwezi, na kofia yake ikabadilishwa. Ramli aliinama kupokea. Alipoinuka alimtazama Nakiete mara moja, kisha hakumtazama tena.

Ndipo Mwenyekiti akatoa uamuzi. Alikuwa na machozi machoni, na machozi yale yalikuwa ya kweli.

"Mgeni ametugusa," alisema. "Baraza hili si la mawe. Mama zetu wakipungukiwa na jua, ni aibu yetu sote. Basi kuanzia kesho paa la Hifadhini litapanuliwa pande zote, ili lipokee jua maradufu."

Baraza zima likasimama. Nakiete alifungua mdomo ili aseme, karani akamgusa bega: mgeni husema mara moja.

Mafundi walifika alfajiri, na kwa bidii ambayo Nakiete hakuwahi kuiona kwa mafundi wa kwao. Paa likatanuka kama mbawa za kuku anayeatamia. Kule nyuma ya jengo palikuwa na ufa kati ya mawe, ufa ambao asubuhi ulikuwa ukiingiza ukanda wa mwanga mwembamba kama utepe. Wanawake wa humo walikuwa wakipokezana kuweka mkono pale, kila mmoja kidogo, bila kumwambia Bi Zamana. Paa jipya likaufunika. Naetwe alimweleza dada yake habari ya ufa ule siku ulipokwisha kufungwa, naye hakumlaumu hata kwa neno. Afadhali angelaumu.

Nakiete alirudi langoni kuomba chupa. Afisa alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, kama ulivyosikia, jua lake limeongezwa. Sasa dawa hii ni sumu maradufu."

Siku ya uchungu ilipofika, Bi Zamana alimruhusu Nakiete kuingia, kwa kuwa mkunga alihitaji mtu wa kumshika mzazi mgongo. Uchungu ulikuwa mrefu. Nguvu za Naetwe zilikuja na kukatika katikati, kama moto wa kuni mbichi. Nakiete alimshika, akamwimbia nyimbo za kanisani kwao kwa sauti ya chini, na pale wimbo ulipoisha alianza tena mwanzo, maana alikuwa anaogopa kimya. Mwishowe akazaliwa mtoto wa kike, mdogo, mwenye kilio chembamba. Nakiete alipokipapasa kichwa, mfupa ulibonyea chini ya kidole kisha ukarudi.

Huko mtoto hapewi jina mpaka atoke nje. Lakini Naetwe alimvuta dada yake karibu, akamnong'oneza sikioni. "Anaitwa Nakiete. Ni somo yako. Usiwaambie."

Nakiete aliachwa humo amwuguze mzazi. Kitovu kilikuwa bado hakijadondoka mtoto alipoanza kucheza. Kwanza mkono mmoja, kisha kope, kisha mwili wote ukakakamaa na kutikisika. Nakiete alikimbia mlangoni.

"Bi Zamana! Fungua, mtoto apelekwe kwa daktari!"

"Daktari yupi? Ramli anapima mwezi."

"Basi yeyote! Mama, na wewe ulizaa humu. Magoti yako..."

"Magoti yangu ni mambo yangu," alisema Bi Zamana. Akaiweka fimbo yake kukingama mlangoni. "Arobaini haijafika. Nikifungua mmoja nitafungua wote. Mwache acheze, atachoka."

Alichoka. Asubuhi jua likiwa linapanda, mtoto alichoka kabisa, na Naetwe hakulia. Alimfunika ile kanga iliyoanikwa nje.

Tundo aliitwa akiwa njiani kwenda juu ya paa, bakuli mkononi. Kwa kuwa mtoto alikuwa amekufa, baba aliruhusiwa kuingia. Alisimama gizani. Alimgusa mtoto, akamgusa mkewe paji la uso. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mpima wa Kivulinzi aliyewahi kulifanya. Aliliweka bakuli chini, kando ya mkeka, akaketi mbele yake.

Jua lilifika utosini. Nje mtaa ulikuwa kimya ukisubiri. Harufu ya chakula ilipenya chini ya mlango. Nta ilikaa ndani ya bakuli, bonge gumu na baridi, kama lilivyotoka kabatini. Tundo aliigonga kwa ukucha. Ikatoa sauti.

Karani wa mtaa akaja mlangoni akihema. "Bwana Tundo, piga mwito. Watu wana njaa."

"Nta haijayeyuka."

"Haijayeyuka! Na jua hili linalopasua mawe? Umeipimia wapi?"

"Hapa, alipo mke wangu."

Karani alichungulia, akaona bakuli, akaona kanga iliyomfunika mtoto. Akateremsha sauti. "Pole sana, ndugu yangu. Lakini hapo si mahali pa kupimia."

"Hapa ndipo wanapoishi wao."

"Najua. Ndiyo maana nasema si mahali pa kupimia. Njoo juu, Tundo. Watoto wa mtaa hawajala."

Tundo hakuondoka. Basi karani akalichukua bakuli yeye mwenyewe, akalipandisha kwa mpima wa mtaa wa pili, na muda si muda mwito ukasikika juu ya vichwa vyao, "Jua limeshiba!" Mtaa ukaitikia. Ndani ya Hifadhi, gizani, wanawake nao wakaitikia kwa mazoea, "Nasi tumeshiba," mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwa bado wanafuta machozi ya kumlilia mwenzao.

Alasiri Bi Zamana alifungua mlango wote wazi. "Toka, binti yangu," alimwambia Naetwe. "Huna mimba wala huna mtoto wa kulea. Sheria haina kazi nawe tena."

Makaburi ya watoto wa Kivulinzi yako nje ya mji, kwenye uwanda mtupu. Hakuna mti, hakuna ukuta, hakuna paa. Hakuna sheria ya kivuli kwa waliokufa. Tundo na Nakiete walimkokota Naetwe katikati yao, hatua kwa hatua, naye alifumba macho njia yote kwa sababu mwanga ulimchoma. Tundo alichimba mwenyewe. Vilima vidogo vilikuwa vingi kuliko Nakiete alivyotaka kuona, vyote vimekauka, vyote vyeupe kwa jua.

Nakiete akaomba. Hakumwuliza Mungu kwa nini, maana aliogopa angeulizwa yeye. Alimtaja mtoto kwa jina lake, kwa sauti, na Tundo alilisikia jina la bintiye kwa mara ya kwanza.

Walipomaliza kufukia, Naetwe alikaa chini kando ya kilima kile kipya. Akavua viatu. Akakunja mikono ya gauni mpaka mabegani, akanyoosha mbele miguu yake iliyokuwa myeupe kama mizizi iliyong'olewa.

"Twende, mdogo wangu," Nakiete alisema. "Hutaweza kurudi ukichoka zaidi. Tutalala kwa Tundo, halafu nikupeleke nyumbani, na Tundo akitaka aje. Chupa ninayo nyingine kule kwetu."

"Niache kidogo, dada."

"Jua ni kali."

"Najua. Niache kidogo."

Nakiete alisimama kando yake akitafuta neno la kumwambia. Hapo ndipo alipoona kwamba kivuli chake mwenyewe kimemwangukia mdogo wake, kimemfunika kuanzia bega mpaka mkono uliokuwa juu ya udongo.

Akasogea.